Chachu Imechukua Nafasi ya Nani?

Dozi ya mtu mzima ya dawa ya mseto, ile ALu ambayo Tanzania na Kenya zilianza kuitumia mnamo 2006 baada ya dawa iliyotangulia, SP, kuzidiwa nguvu na vimelea vya malaria, ina vidonge 24 vya manjano: vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku tatu. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Ukijumlisha artemetha yote ya dozi hiyo, hupati hata nusu gramu. Artemetha hutengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini hutoka kwenye majani ya Artemisia annua, mmea wa Kichina wa ukoo mmoja na pakanga. Tu Youyou na wenzake walifanikiwa kuikamua dawa hiyo mwaka 1972, kazi iliyokuja kumpa Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea huo umelimwa pia na wakulima wadogo wa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda. Lakini kwa muda mfupi, kuanzia mwaka 2013, dawa hiyohiyo ilikuwa na chanzo cha pili, na chanzo hicho kilikuwa hamira.

Kisa cha hamira ya malaria husimuliwa mara nyingi kama ushindi mkubwa wa uhandisi wa viumbe, na kwa upande wa sayansi ni ushindi kweli. Mimi nakitanguliza kwa sababu nyingine: kinafichua kosa linalofanyika kila mara tunapoujadili uendelevu wa viwanda vya namna hii. Watetezi wake hutuambia kwamba vijidudu ni safi kwa maumbile yao. Hufanya kazi ndani ya maji, kwa joto la wastani, na hula sukari badala ya mafuta ghafi. Yote hayo ni kweli, wala hayatoshi. Kemikali mpya haiingii katika soko tupu. Inakuta nyingine imeshakaa pale, imetengenezwa na watu wengine kwa njia nyingine, na faida au hasara kwa mazingira ni ile tofauti iliyopo kati ya hizo mbili. Kwa hiyo kijidudu kilichobadilishwa jeni kipimwe kwa kitu kinachokiondoa sokoni na kwa chakula kinachokila. Ustadi wa jeni zake, hata uwe mkubwa namna gani, hautujibu maswali hayo.

Ustadi wenyewe tuutazame kwa karibu, maana unastahili. Hamira ya kuumulia mandazi ni kijidudu chenye seli moja, na ndani ya seli hiyo kuna mfululizo wa hatua za kikemikali unaoanzia kwenye sukari na kuishia kwenye egosteroli, aina ya mafuta inayouimarisha utando wa seli. Njiani, kabla ya kufika kwenye egosteroli, hutengenezwa molekuli ambayo mmea wa artemisia nao unayo, na ambayo kwa mmea ndiyo mwanzo wa dawa. Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na kampuni ya Amyris iliyozaliwa katika maabara yao, waliamua kuichepusha njia hapo katikati. Walichukua jeni kutoka kwenye artemisia, wakazipandikiza kwenye hamira, kisha wakabana ile sehemu inayoelekea kwenye egosteroli, wakiiachia kidogo tu ili seli isife. Kazi hiyo ilipata msukumo mkubwa mwishoni mwa 2004, Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulipotoa dola milioni 42.6. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira yao inatoa asidi ya artemisini, hadi miligramu 100 kwa kila lita ya mchuzi wa tangini. Kiasi hicho kinatosha kuandikia makala ya kisayansi, hakitoshi kuendeshea kiwanda. Kimeng'enya kimoja kilichotoka kwenye mmea kilikuwa kinaichosha seli ya kigeni iliyokibeba, ikabidi kitafutiwe wasaidizi, nao wakapatikana katika mmea uleule. Kufikia 2013 lita moja ilikuwa inatoa gramu 25, yaani mara 250 ya kiwango cha mwanzo. Asidi ilikuwa nyingi mno hata ikawa inaganda kama chembe za fuwele nje ya seli, na watafiti wakamimina tabaka la mafuta ndani ya tangi ili liinase.

Hatua za mwisho hamira haikuziweza. Kampuni ya dawa ya Ufaransa, Sanofi, ilizifanya kwa kemia ya kawaida katika kiwanda chake cha Garessio, Italia. Huko asidi ilipewa haidrojeni kwanza, kisha ikakutanishwa na oksijeni chini ya mwanga wa taa kali mpaka ikageuka artemisinini. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa kutoa tani 50 hadi 60 kwa mwaka, kama theluthi ya mahitaji ya dunia wakati huo, na kampuni iliahidi kuuza bila faida wala hasara, kwa dola 350 hadi 400 kwa kilo. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2013. Miaka miwili baadaye, yaani 2015, kiwanda hakikutengeneza hata kilo moja, na muda si mrefu kikauzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Kilichokiangusha kilikuwa shamba, kwani artemisinini ya wakulima ilikuwa imeshuka chini ya dola 250 kwa kilo, na hakuna mtengeneza dawa aliye tayari kulipa zaidi kwa molekuli ileile eti kwa sababu imetoka kwenye tangi.

Wengi walilisoma anguko hilo kama habari ya bei, wakaishia hapo. Mimi naona linatufunza jambo jingine. Hebu tuseme bei ingekuwa kinyume chake na hamira ikashinda. Mazingira yangepata nini? Artemisia ni zao linalotumia jua na mvua, na majani yake yakishakaushwa huwa na artemisinini kama asilimia moja hivi ya uzito wake. Ukamuaji wake hutumia viyeyushi vinavyotokana na petroli, na hilo ni doa la kweli. Lakini tangi la hamira nalo linataka sukari, na sukari ni shamba vilevile, sema ni shamba la mtu mwingine. Linataka mvuke wa kuulia vijidudu vingine, umeme wa kusukumia hewa na kukorogea, maji ya kupozea, na viyeyushi vyake lenyewe. Ukiondoa mkulima wa artemisia ukaweka mkulima wa mahindi au miwa, hujaiacha petroli hata kwa lita moja, umemhamisha mnufaika tu. Wakulima waliokadiriwa kufikia laki moja, wa China, Vietnam na Afrika Mashariki, wangepoteza zao la fedha ili hewa ibaki vilevile.

Hapa kuna pingamizi zito, nami silibezi. Hamira ile haikubuniwa kwa ajili ya hewa, ilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Bei ya artemisinini ilikuwa inapanda na kushuka kama homa yenyewe: mwaka 2005 ilipita dola 1,000 kwa kilo, ikaporomoka hadi kama dola 200 mwaka 2007, ikapanda tena mwaka 2011. Bei ikipanda dawa hupungua na watoto hufa. Bei ikishuka wakulima hung'oa artemisia na kupanda kitu kingine, na kwa kuwa zao huchukua miezi kadhaa toka kitaluni hadi kuvunwa, upungufu mwingine huwa umeshaandaliwa. Kiwanda kinachoweza kuwashwa katika mwaka wa uhaba ni akiba yenye thamani, na ningependa kiwe kimetunzwa kwa fedha za umma kama maghala ya nafaka yanavyotunzwa. Ila akiba ni kitu kimoja na mbadala ni kitu kingine. Kiwanda kiliendeshwa kana kwamba kazi yake ni kushindana na shamba kila siku ya mwaka, wakati ambapo tatizo lililotajwa lilihitaji kisimame pembeni kikingoja. Yumkini mikataba ya muda mrefu kati ya wanunuzi na wakulima ingetuliza soko kwa gharama ndogo zaidi, lakini mikataba haina mvuto wa kutangazwa kama jeni.

Historia imeshatuonyesha mara kadhaa shamba likishindwa na tangi. Mwanzoni mwa karne ya 20 asidi ya sitriki, ile inayotia ukali kwenye soda na peremende, ilitoka kwenye ndimu na malimau, na Italia ndiyo iliyotawala soko lake. Mwaka 1917 mwanakemia James Currie alieleza jinsi kuvu aina ya Aspergillus niger inavyoweza kuitengeneza kutokana na sukari. Mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo kule Brooklyn, na leo karibu asidi yote ya sitriki duniani inatoka kwa kuvu hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1897, BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani na mashamba ya nili ya India yakafa katika muda usiofika kizazi kimoja. Nili ile haikuhusisha kijidudu chochote, ilitokana na lami ya makaa ya mawe, na kwa kipimo cha mazingira ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Mkulima aliyeondolewa sokoni hakuona tofauti kati ya kuvu na lami. Sisi tunaopima tunapaswa kuiona.

Sasa tugeukie upande ambao hesabu inakuwa nzuri. Kabla ya mwaka 1982 insulini ya wagonjwa wa kisukari ilikamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, na kupata chini ya nusu kilo ya insulini safi kulihitaji kongosho za wanyama zaidi ya 20,000. Bakteria aina ya E. coli iliyopewa jeni ya binadamu ilimaliza utegemezi huo. Skwaleni, mafuta laini yanayotiwa kwenye krimu za ngozi baada ya kusindikwa, ilikuwa ikipatikana kwa wingi kwenye maini ya papa, na leo sehemu yake hutoka kwa hamira inayolishwa miwa ya Brazil. Katika visa hivyo kilichoondolewa sokoni ni machinjio na uvuvi wa kumaliza samaki, na sidhani kuna wa kukililia.

Mfano ninaouona kuwa na uzito kuliko yote haupendezi kuutazama. Ni propanidioli, kimiminika kisicho na rangi kinachotumika kutengenezea nyuzi za mazulia na kinachotiwa pia kwenye vipodozi. Njia za zamani za kuitengeneza zilianzia kwenye mafuta ghafi na zilihitaji joto na mgandamizo mkubwa. Kampuni za DuPont na Genencor zilitumia miaka mingi kuunganisha ndani ya E. coli jeni za hamira, zinazogeuza sukari kuwa gliseroli, na jeni za bakteria mwingine aitwaye Klebsiella, zinazoigeuza gliseroli hiyo kuwa propanidioli. Kiwanda kilianza uzalishaji Loudon, jimbo la Tennessee, mwaka 2006, na DuPont ilieleza kwamba njia hiyo inatumia nishati pungufu kwa kama asilimia 40 ikilinganishwa na ile ya petroli. Takwimu ya mwenye mali hupokewa kwa tahadhari, na mahindi ya Marekani yana mbolea na dizeli ndani yake. Hata hivyo mwelekeo hauna shaka, kwa sababu kilichosukumwa nje ni petroli yenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Novamont ilifungua kiwanda karibu na Adria, Italia, cha kutengeneza butanidioli, ndugu wa kemikali hiyo, kwa bakteria waliobuniwa na Genomatica, chenye uwezo wa tani 30,000 kwa mwaka. Propanidioli na butanidioli hazitapewa jina la mkombozi na mtu yeyote. Lakini ni kemikali za tani nyingi, na kwa upande wa hewa na mafuta ghafi tani ndizo zinazohesabiwa.

Kama ningeambiwa nichague mahali pa kuelekeza nguvu, ningetaja asidi ya adipiki, malighafi ya nailoni. Kiwandani hutengenezwa kwa kuchomwa na asidi ya nitriki, na mchakato huo huzaa gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo tani yake moja huipasha dunia joto karibu mara 270 ya tani ya hewa ya ukaa. Baadhi ya viwanda huinasa na kuiteketeza gesi hiyo, vingine huiachia. Watafiti wameshaonyesha maabara kwamba vijidudu vinaweza kutengeneza asidi hiyo au kitu kinachokaribiana nayo sana, ila bado havijaibadili biashara yenyewe. Hapo pana uchafu halisi unaongoja kuondolewa, na hapana mkulima wa kuhamishwa.

Mpinzani wa pili huuliza habari ya chakula, na hesabu iko upande wake kuliko watetezi wanavyopenda kukiri. Kijidudu hakiwezi kutoa kaboni ambayo hakikuila. Kilo moja ya sukari, hamira iwe hodari namna gani, haiwezi kutoa zaidi ya gramu 511 za ethanoli. Kaboni iliyobaki huondoka kama hewa ya ukaa, na hakuna mhandisi wa jeni anayeweza kuibadili kanuni hiyo. Kwa mafuta hali ni ngumu zaidi. Fanesini, mafuta ambayo Amyris ilitarajia yageuzwe dizeli, yana ukomo usiofika theluthi moja ya uzito wa sukari iliyoliwa. Chukua mfano: sukari ya kiwandani ikipatikana kwa shilingi 1,000 za Tanzania kwa kilo, basi malighafi peke yake kwa kilo moja ya mafuta hayo inapita shilingi 3,000 kabla hujalipia mvuke, umeme, tangi wala mishahara. Hakuna dereva wa daladala atakayeyanunua. Amyris yenyewe iliuona ukweli huo, ikahamia kwenye vipodozi na manukato, ambako kilo moja huuzwa kwa bei isiyosemeka kwenye kituo cha mafuta, na hata hivyo mwezi Agosti 2023 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Zymergen, kampuni nyingine ya California, iliingia soko la hisa mwezi Aprili 2021 na thamani yake ikaporomoka mwezi Agosti mwaka huohuo, bidhaa yake ya kwanza iliposhindwa kupata wanunuzi iliowatarajia.

Wapo wanaosema kwamba anguko la kampuni hizo ni ushahidi kuwa teknolojia nzima ni porojo. Hapana. Kilichoanguka ni ahadi ya kutengeneza kila kitu. Insulini haikuanguka. Kimeng'enya cha kugandishia jibini, ambacho zamani kilitolewa kwenye matumbo ya ndama na ambacho mwaka 1990 Marekani iliruhusu kitengenezwe na vijidudu, kimeenea katika viwanda vya jibini na hakuna tena anayekiandikia habari. Visa vilivyofaulu vinafanana: ama bidhaa ni ghali sana kwa kilo, ama kijidudu kinaigeuza sukari kuwa bidhaa bila kupoteza sehemu kubwa ya kaboni. Mafuta ya gari yako nje ya makundi hayo mawili, na mfuko wa umma usiyafukuzie.

Njia ya kutoka kwenye mtego wa sukari ni kukilisha kijidudu kitu ambacho hakuna anayekila. Katika kiwanda cha chuma cha Shougang, jimbo la Hebei nchini China, tangu 2018 gesi za tanuri ambazo zingechomwa hupitishwa kwa bakteria aina ya Clostridium, nao huzigeuza ethanoli kwa teknolojia ya kampuni ya LanzaTech. Bakteria wa kiwanda kile walipatikana kwa kuchaguliwa, si kwa kubadilishwa jeni. Lakini mwaka 2022 watafiti wa kampuni hiyo na wenzao wa vyuo walieleza jinsi walivyombadilisha bakteria huyo atoe asetoni na isopropanoli, viyeyushi viwili vinavyotengenezwa kwa wingi kutokana na petroli, na kwa hesabu yao kaboni iliyofungwa ndani ya bidhaa ilizidi ile iliyotolewa. Walifanya hivyo katika mtambo wa majaribio wa lita 120. Kutoka lita 120 hadi lita laki kadhaa ni safari ambayo wengi wameishia njiani. Hata hivyo swali limeulizwa mahali panapofaa, kwenye chakula cha kijidudu.

Afrika Mashariki haina matanuri ya chuma ya ukubwa ule, lakini mabaki ya mashamba hayatupungukii. Muhoroni nchini Kenya na Kilombero nchini Tanzania ipo mitambo inayogeuza molasi ya viwanda vya sukari kuwa spiriti. Katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wote. Asilimia zilizobaki ni maji na nyama ya jani yenye sukari, ambazo kwa miaka mingi zimetupwa mashambani Tanga, ingawa mwaka 2008 kule Hale ulizinduliwa mtambo wa kuzigeuza kuwa gesi na umeme. Mabaki kama haya yanaweza kulisha kijidudu cha kutengeneza viyeyushi au asidi za plastiki, bidhaa ambazo sasa tunazileta kwa meli zikiwa zimetokana na petroli. Nasema yanaweza, kwa sababu mabaki nayo yana wenyewe. Molasi huliwa na ng'ombe wa maziwa, huchachushwa na watengeneza pombe, na bei yake hupanda pindi mnunuzi mkubwa anapotokea. Tena kila lita ya spiriti ya molasi huacha nyuma lita kumi na zaidi za maji meusi ya moto yenye asidi, ambayo yakiingia mtoni huimaliza oksijeni na kuua samaki. Anayesema uchachushaji ni safi kwa maumbile yake apelekwe akasimame kwenye bomba la maji hayo.

Kuhusu hofu ya kijidudu kutoroka, nitakuwa mfupi. Hofu hiyo ina msingi, ila imekuzwa kupita kiasi kwa viumbe wa aina hii. Hamira iliyolazimishwa kugeuza sehemu kubwa ya chakula chake kuwa kitu isichokihitaji ni kiumbe dhaifu, na nje ya tangi hushindwa na hamira ya porini inayokula kwa faida yake yenyewe. Panapotakiwa uangalizi wa kweli ni kwenye jeni za kuhimili dawa za viuavijasumu, ambazo zamani zilitumiwa ovyo kama alama maabara, na kwenye maji taka yanayotoka kabla seli hazijauawa kwa joto. Mambo haya yana vipimo, na kanuni za usalama wa viumbe za Tanzania na sheria ya Kenya, zote za mwaka 2009, zina mahali pa kuvidai.

Shauri linalonisumbua zaidi ya kutoroka ni la mali. Mwaka 1992 mtafiti wa Uingereza alichukua sampuli za bakteria kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kutokana na sampuli hizo kampuni ya Genencor, ileile ya propanidioli, ilipata jeni ya kimeng'enya kinachofubaza jinzi ziwe na ule mwonekano wa kuchakaa, ikakizalisha kwa vijidudu vilivyobadilishwa. Kwa mazingira ilikuwa hatua njema, maana kilichoondolewa ni mawe ya volkano yaliyosuguliwa na nguo mashineni na kuacha tope. Lakini mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani kwamba nchi haikupata chochote, huku upande wa pili ukisema utafiti ulikuwa na kibali. Mwaka 2007 shirika hilo likafunga mkataba na kampuni ya Novozymes uliotangulia kutaja mgao kabla ya kijidudu kuondoka. Leo kijidudu hakihitaji hata kuondoka, kwa kuwa mpangilio wa jeni zake husafiri kwa kompyuta. Ndiyo sababu nchi zilizokutana chini ya Mkataba wa Bioanuwai zilianzisha Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ambao kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zinatakiwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kuuchangia ni kwa hiari, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake.

Kwa watunga sera wetu, chombo cha kuuliza nani anaondolewa sokoni kipo tayari, ingawa ni nusu tu. Itifaki ya Cartagena ya mwaka 2000, katika kifungu cha 26, inaziruhusu nchi kuzingatia athari za kiuchumi na kijamii zinapoamua juu ya kiumbe kilichobadilishwa. Lakini itifaki hiyo inahusu kiumbe kilicho hai. Unga mweupe wa artemisinini uliotoka Garessio haukuwa hai, kwa hiyo ungepita bandari yoyote ya Afrika Mashariki bila kuulizwa umemwondoa nani sokoni, na kesho vanila, nta au mafuta ya karafuu kutoka tangini yanaweza kupita vivyo hivyo mbele ya mkulima wa Pemba. Wizara za kilimo na za viwanda za nchi zetu zikae meza moja zitake, kwa kila kemikali ya aina hii inayoingizwa au kuombewa kiwanda, maelezo ya kurasa mbili yanayotaja malighafi iliyolishwa, maji taka yanakokwenda, na bidhaa itakayoondolewa sokoni. Kama bidhaa hiyo ni ya petroli, mwombaji apewe ardhi, umeme na nafuu ya kodi. Kama ni ya mkulima, alete kwanza mkataba unaoonyesha mkulima huyo atauza nini badala yake.